Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutumiana misemo ya kuchekesha (majibu ya mtu aliyechoka kujibu inbox)

Basi jamani, kila wiki lazima mtu aniulize haya mambo, anayeingia mpya anauliza, mke wa mshkaji anauliza, juzi mpaka fundi simu kaniuliza "bro hivi nyie huwa mnachekea nini?" Nikaona bora niandike mara moja, akija mwingine namtumia hii namaliza kazi. Sijapanga kwa umuhimu, nimeyaweka yalivyonijia.

Kwani nyie mnafanya nini hasa?

Tunatumiana maneno kwenye grupu letu la WhatsApp. Basi. Ni watu 14, wengi tulikua pamoja Tanga, sasa hivi tumetawanyika, wengine Dar, wawili Mombasa, mmoja Nairobi, binamu yangu yuko Muscat kwa shangazi yake huko. Mtu akikutana na neno lenye chumvi, kwenye kanga, nyuma ya daladala, dukani kwa Mpemba, kwa kinyozi, kwenye matanga, au limemtoka mtoto wake mezani, analileta. Hatutumiani video za paka, na "Jumapili njema" zenye maua na mshumaa hatutaki, hizo peleka grupu la familia zitapokelewa kwa Amina nyingi tu.

Si kupoteza bando tu?

Bando ngapi sasa hiyo, maneno kumi na mbili? Wewe unayeangalia mechi nzima kwenye simu ndo unaniuliza mimi habari ya bando.

Msemo gani unafaa kuletwa?

Hapa ndo penye ugomvi kila siku. Sisi tuna kipimo kimoja: je, ukiusoma unamwona mtu aliyeusema? Nikikuletea "maisha ni safari" hapo humwoni mtu, hapo kuna kalenda ya benki tu. Ila nikikuletea lile lililobandikwa duka la mtaani, KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA, hapo hapo unamwona mwenye duka kaegemea kaunta, daftari la madeni liko chini ya mzani, anakuangalia anakungoja ufungue mdomo. Neno la zamani lile, wala halijui kwamba linachekesha, na ndo maana linachekesha.

Daladala na matatu nazo ni shamba kubwa ila siku hizi zimevamiwa na majina ya wachezaji na mistari ya nyimbo, lazima uwe na subira. Ukikuta gari limechoka, taa moja inaning'inia kwa waya, konda anasukuma ndo liwake, halafu nyuma limeandikwa MWENYE WIVU AJINYONGE, piga picha haraka kabla foleni haijasogea. Maneno hayo peke yake kila mtu ameshayasoma mara mia, kinachouma ni lile gari. Kwa hiyo usituletee maneno bila gari. Sheria kubwa yetu ni hiyo: lete neno na mahali pake. Nani alisema, alikuwa anafanya nini, umelikuta wapi.

Hii tabia ilianza na WhatsApp?

Hahaha hapana bana. Bibi zetu walikuwa wanatumiana stetasi kabla umeme haujafika mtaani kwao, na walikuwa wamezivaa kiunoni.

Angalia kanga. Watu wa Mombasa wanaiita leso, neno hilo limetoka kwa Wareno, wao walimaanisha kitambaa kidogo cha mkono. Karne ya 19 huko wanawake wa pwani walikuwa wananunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wanakata vitatu vitatu wanavishonea pamoja vinakuwa nguo moja kubwa, baadaye wafanyabiashara wakaona aah, kumbe biashara iko hapa, wakaagiza nguo nzima imeshachapwa. Na hilo jina la kanga watu wanasema ni yule ndege mwenye madoadoa kwa sababu za mwanzo zilikuwa na madoa kama yake.

Maneno yenyewe yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20. Anayetajwa sana ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, watu walimwita Abdulla tu, kanga zake zilikuwa na alama ya Mali ya Abdulla. Mwanzo maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndo zikaja hizi za Kirumi. Na wenyewe hawasemi msemo wa kanga, wanasema jina la kanga. Doti ni vipande viwili, kila kipande kina pindo pembeni na mji katikati, na jina limekaa chini ya mji, hapo linapoangukia nyuma ukishajifunga. Fikiria hiyo akili. Mtu anasema neno lake huku anakupa mgongo anaondoka zake, na huwezi kumjibu kwa sababu hajafungua mdomo.

Kuna kitu kingine nakipenda. Kile kiwanda cha Dar kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China na kikawa kinatoa kanga miaka na miaka, jina lake Urafiki. Sasa kanga za Urafiki zimebeba vijembe vingapi vya majirani wasiosalimiana, we acha.

Kwa nini nilituma jina la kanga kwa rafiki yangu akanuna?

Kwa sababu ulimtumia jina la kanga, sasa ulitegemea nini? Lile neno halijatengenezwa kusomwa tu kama methali ya kitabuni, limetengenezwa lipigwe kwa mtu. Ukimtumia dada wa watu UTABAKI NA CHOKOCHOKO UTAAMBULIA UKOKO saa nne usiku bila salamu wala kicheko, lazima ajiulize chokochoko gani aliyoifanya, na atazipata mbili tatu maana binadamu hatukosi.

Nliwahi kumsindikiza shangazi yangu Kariakoo kununua kanga ya kupeleka kwenye arobaini ya mtoto. Mimi naangalia rangi, nashika moja ya njano nzuri namwambia hii hapa shangazi, yeye hata rangi haangalii, kaikunja kona, kavuta pindo, kasoma kimya kimya midomo inacheza, akairudisha. "Hii siwezi kupeleka, nikimpelekea hii ntakuwa nimemtukana." Nikachungulia, imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Kwenye arobaini ya mtoto! Baba wa mtoto si angehama mji. Tulisimama pale kama saa nzima, muuzaji anafunua anakunja anafunua anakunja, mpaka tukapata WEMA HAUOZI, shangazi akashusha pumzi kama katoka mtihani. Halafu wakati tunatoka akarudi peke yake akanunua na ile ya njano. Nikamuuliza ya nani, akasema "ya kwangu, nina mtu nataka aisome."

Kwa hiyo kama hutaki ugomvi weka kicheko pembeni, au sema umeikuta wapi. "Nimeiona leo Kariakoo" inatosha kabisa, hapo mtu anajua haijamlenga yeye. Ukitaka imlenge hayo ni yako, usije kuniambia mimi niwapatanishe.

Msemo ukiwa hauna mwenyewe niandike jina la nani?

Usiandike jina la mtu. Tafadhali. Andika "sijui nani" au "nimeikuta kwa kinyozi" na hutopungukiwa na kitu.

Hapa nina hasira kidogo mnivumilie. Unakumbuka ule wakati kila utani wa Kiafrika ulikuwa umesemwa na Mugabe? Wanawake, Mugabe. Wanaume wenye vitambi, Mugabe. Mishahara, mapenzi ya chuo, watu wanaokula chipsi usiku, yote kasema Mugabe, imewekwa picha yake kakunja uso na maandishi meupe. Mzee wa watu kafariki Singapore Septemba 2019 akiwa na miaka 95 na bado akaendelea kutoa misemo mipya kila wiki. Nyingi ya hizo hakuna hotuba wala mahojiano yanayoonyesha kazisema, mtu kakaa kwake kaandika, kaona jina lake halitavuta watu, kabandika la mkubwa. Einstein naye kafanyiwa hivyo hivyo mpaka watu wanadhani kazi yake ilikuwa kutoa ushauri wa ndoa.

Kinachoniuma mimi si uongo tu. Ni kwamba kuna mtu mahali fulani, pengine dada wa saluni au kijana wa bodaboda, ndo alisema lile neno kwanza, watu wakacheka kijiweni, halafu likaibiwa likapewa rais. Sisi tumekubaliana, neno likitoka kwa mama muuza vitumbua basi linaandikwa mama muuza vitumbua, hata kama jina lake hatulijui.

Nikifowadi je?

Ukifowadi tunakuona, ile mishale inakusema. WhatsApp walianza kuweka alama ya ujumbe uliofowadiwa 2018, Januari 2019 wakaweka kikomo cha watu au magrupu matano kwa mara moja dunia nzima, na Aprili 2020 ule uliozunguka sana wenye mishale miwili ukawa unaweza kuupeleka sehemu moja moja tu. Walikuwa wanapambana na uvumi, lakini kwetu imesaidia jambo lingine kabisa. Ukileta kitu chenye mishale miwili maana yake kimepita kwa mjomba wa kila mtu kabla hujakileta, ni kama kuleta zawadi ya harusi bado ina jina la mtu mwingine kwenye karatasi.

Haukatazwi. Ila utatozwa faini, na faini yetu ni kuleta neno moja la kwako ulilolisikia kwa masikio yako kabla jua halijazama. Kuna mshkaji mmoja alikaa siku nzima ndani na mafua hana pa kusikia neno, ikabidi alete alichosema daktari kwenye simu: "pumzika, na ukizidiwa pumzika zaidi." Ilipita. Tena ilipita kwa kura zote.

Naruhusiwa kuchakachua methali?

Ruksa, ila ichakachue vizuri. Methali ni kama nyumba ya urithi, ukibomoa ukuta lazima ujue ule ukuta ulikuwa unashika nini. Wengi wanachukua methali wanabandika neno la kisasa mwishoni basi, "haraka haraka haina intaneti", hii inachekesha kwa nani sasa?

Inayofanya kazi ni ile inayoacha nusu ya kwanza ilivyo halafu nusu ya pili inasema ukweli ambao wazee walikuvumilia wasikuambie. Zilizowahi kupita kwetu:

Penye nia pana njia, na penye njia pana trafiki.

Akili ni nywele kila mtu ana zake, ila siku hizi wengi mnavaa wigi.

Mchumia juani hulia kivulini, na yule aliyechumia kivulini ndo bosi wake.

Ya tatu ilitoka kwa jamaa yetu wa Mombasa anayefanya kazi bandarini, na alipoituma hakuweka kicheko hata kimoja, ndo tukajua siku hiyo kazini hakukuwa kuzuri.

Halafu kuna mchezo mwingine ambao hauhitaji kuchakachua chochote, unachukua methali mbili ambazo hazielewani unaziacha zigombane zenyewe. Haraka haraka haina baraka, sawa, halafu ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa hiyo wahenga mlikuwa mnataka tufanyeje? Mmoja wetu anasema wahenga walikuwa wawili, mume na mke, na hizo methali ni majibizano yao tu mtu alikuwa anasikiliza dirishani anaandika.

Utani una mipaka?

Unayo, na mipaka yenyewe haikuwekwa na admini imekuwepo kabla ya sisi. Tuna bahati kwamba utani kwetu ni kitu kina watu wake. Babu anamwita mjukuu wake wa kike mke wangu, mjukuu anamwambia mume gani huyu hana hata jino, na hakuna anayeshtuka. Mzaramo na Mnyamwezi wakikutana hata kama hawajawahi kuonana wanaanza kutukanana kwa raha, watu wanasema hiyo ilianza tangu zama za misafara ya kutoka bara kuja pwani. Na mtani anaingia hata msibani, watu wanalia yeye anajifanya anagombania urithi, analala mahali pa maiti, anadai hela yake aliyomkopesha marehemu, na wafiwa wenyewe wanajikuta wanacheka na kamasi zinatoka. Nimeiona kwa macho yangu kwenye msiba wa babu yangu, mtani alizuia jeneza mlangoni akisema haondoki mtu hapa mpaka deni la pombe lilipwe, ikabidi baba yangu mkubwa atoe elfu mbili mfukoni, mzee yule ambaye sijawahi kumwona akicheka akaangalia ukutani mabega yanatikisika.

Lakini yule mtani alikuwa mtani. Angefanya hivyo mtu mwingine angepigwa. Hapo ndo pa kuelewa, utani unategemea nani kwa nani. Kwa hiyo kwetu mnene anaweza kuleta neno la unene, mwenye kipara alete la kipara, mwenye mkopo alete la mkopo. Lakini huwezi kumletea mtu neno la kutopata mtoto wakati unajua miaka sita anahangaika, hata kama limeandikwa kwenye kanga, hata kama umelikuta Kariakoo. Ilitokea. Aliyeleta hakuwa na nia mbaya, aliliona linachekesha akalituma. Yule dada hakusema kitu, aliacha kuandika tu, siku tatu, wiki, mpaka tukashtuka. Ilibidi watu waende nyumbani kwake na maandazi, na aliyetuma ndo alibeba hotpoti ya chai.

Siasa na dini?

Viongozi tunawacheka kama kila mtu. Kutunga uongo kwa jina la mtu ukausambaza ni jambo jingine, Tanzania kuna sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 na Kenya wana yao ya 2018, sitaki kuwaletea chakula polisi. Dini, hatuchekani imani. Ila shehe na mchungaji wakisema neno la kuchekesha wenyewe tunaleta, maana wao ndo mafundi wa kukusema mbele za watu na huwezi kunyanyua mkono.

Nisipoelewa niulize?

Uliza, lakini ujue ukiuliza umeuua. Neno la kuchekesha likishaelezwa ni kama soda iliyoachwa wazi, bado ni soda ila.

Isipokuwa kama ni mambo ya lugha, hapo uliza kabisa tena usione aibu, kwa sababu Kiswahili chetu kimoja lakini kina mitego. Mfano yule wa Nairobi alipoingia mara ya kwanza aliandika kwa furaha kabisa "wasee, bibi yangu ana mimba." Grupu zima kimya. Kimyaa. Sisi huku bibi ni mama yake mama yako. Watu wakaanza kupigiana simu pembeni, mmoja akauliza bibi ana miaka mingapi, jamaa akajibu "ishirini na nane" ndo ikazidi kuwa mbaya. Dakika ishirini hivi mpaka wa Mombasa akaingia akasema jamani bibi kwao ni mke. Kisha jamaa naye akatuambia kwao bibi yetu sisi anaitwa nyanya, sasa mtu wa Dar ukimwambia "nimeenda kumsalimia nyanya" anafikiri umechanganyikiwa unaongea na mboga sokoni. Mtoto kazaliwa, ni wa kike, kaitwa jina la nyanya yake, na bado tukiona picha yake mtu lazima aandike "hongera bibi".

Niliwahi kutuma kwenye grupu ambalo silo. Nifanyeje?

Pole. Hapa sina ushauri, nina ushuhuda tu. Mwaka juzi usiku nilikuwa nataka kuwaletea washkaji neno nililolisoma mgongoni kwa mama mmoja kwenye kivuko, NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Nikaandika, nikatuma, nikaweka simu chaji nikalala usingizi mnono. Kumbe limeenda grupu la ukweni, na jioni ile ile mama mkwe alikuwa amenisema kidogo mbele za watu kuhusu bati la jikoni kwake ambalo niliahidi kulibadilisha tangu masika. Asubuhi naamka nakuta tiki za bluu zote, watu 31 wamesoma, hakuna aliyejibu isipokuwa shemeji mdogo kaweka jicho moja tu. Jicho!

Kufuta kwa wote nako ni kujimaliza, kule kuandikwa "ujumbe huu umefutwa" ni kukiri kosa. Nikampigia mama mkwe nikamwamkia, nikaanza kujieleza, kivuko, mama mmoja, kanga, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema "haya baba, nimekusikia simba." Bati nilibadilisha Jumamosi ile ile. Mpaka leo nikifika pale ananiita simba, na nadhani hiyo ndo bora kuliko neno lolote nililowahi kuleta mimi, na si langu.

Mbona hamuongezi watu? Grupu si linaweza kubeba zaidi ya elfu?

Linaweza, walishapandisha mpaka 1024. Lakini watu 1024 hawawezi kuchekea kitu kimoja, watu 1024 ni mkutano wa hadhara. Tulijaribu kufika 40 tukaona watu wameanza kuogopana, mtu anafikiria mara mbili, anaandika "samahani kama imeshatumwa", mara mtu kaleta tangazo la viwanja Kigamboni. Tukapungua wenyewe taratibu. Ukitaka la kwako anzisha na watu watano mnaojua nani mama yake mkali na nani anakoroma. Hicho ndo kinachofanya neno dogo lichekeshe, nusu ya neno iko kwenye simu na nusu nyingine mnayo vichwani.

Voisi noti zinakubalika?

Kama kichekesho kiko kwenye sauti, ndiyo. Kama ni dakika sita unahema unapanda ngazi, hapana.

Maneno ya watoto je?

Hayo yanapita bila kupigiwa kura. Cha msingi yaandike alivyosema yeye, usimrekebishe sarufi. Mwanangu aliponiuliza "baba, wewe ulipokuwa mtu ulikuwa unafanya kazi gani?" sikugusa hata herufi.

Mnayahifadhi wapi?

Swali zuri na linauma. Miaka mitatu ya mwanzo hatukuhifadhi popote, simu ya aliyekuwa na kumbukumbu zote ikaibiwa Manzese akiwa ameitoa kupiga picha nyuma ya bajaji, yaani alikuwa kazini kabisa. Tukapoteza vitu ambavyo sasa tunavikumbuka nusu nusu, tunabishana "ilikuwa shati au suruali". Mali bila daftari hupotea bila habari, tulikuwa tumeshautuma huo msemo mara nne na hatukuusikiliza. Sasa hivi dada mmoja wetu mwalimu ana kaunta buku, lile gumu la mistari, kila Jumapili anayanakili kwa kalamu, tarehe, mahali, aliyesema. Yamefika mia tatu na kitu. Ukiliazima lazima urudishe, na kuna mtu hapa anajua kwamba anasemwa yeye.

Na lipi bora kuliko yote?

Hatukubaliani na hatutakubaliana, ila lile linalorudi mara nyingi ni la mama ntilie mmoja karibu na stendi. Ana ubao mweusi, kila asubuhi anaandika kwa chaki bei za siku hiyo. Wateja wake wengi ni madereva na makonda, wale watu wa "mama nyama ngapi, mbona leo ndogo, mama hii jana ilikuwa na mchuzi zaidi, mama unaweza kutoa hapa ukaweka pale." Siku moja binti wa kwetu kapita kununua chai akakuta ubao umeandikwa hivi:

WALI MAHARAGE 1500
WALI NYAMA 2500
WALI NA MASWALI 5000

Akapiga picha akatuletea bila maelezo yoyote. Watu walikaa wanacheka mpaka mchana, na wa Muscat ambaye alikuwa hajasema kitu wiki nzima akaibuka saa tisa akauliza: "hiyo ya elfu tano, maswali unachagua mwenyewe au unapewa?"